Yaesu FT-101E baada ya karibu miaka hamsini: kinachokufa na kinachodumu

FT-101E ni redio ya kupokea na kurusha ya maamatea, yaani wanaorusha kwa kupenda, si kwa biashara. Ni ya katikati ya miaka ya 1970, kazi ya Yaesu Musen ya Japani. Ulaya iliuzwa pia kwa nembo ya Sommerkamp kama FT-277E, kwa hiyo ukiikuta na jina hilo usibabaike, ni redio ileile. Ndani ni mseto. Sehemu yote ya kupokea na hatua ndogo za kurusha ni transista, kisha vali tatu ndizo zinazobeba mzigo: 12BY7A moja ya kusukuma na 6JS6C mbili za mwisho. Walio nazo kwa muda mrefu wanalalamikia mambo yaleyale machache, na karibu yote hayahusu transista. Yanahusu zile vali mbili za mwisho, na mahali ambapo chuma kinagusana na chuma: rilei, swichi ya bendi, meno ya kadi. Transista zake, ajabu ni kwamba nyingi bado zinapumua.

Herufi ya mwisho ina maana. E ina prosesa ya sauti, EE haina, na EX imepunguzwa zaidi. FT-101ZD iliyokuja mwishoni mwa muongo ule ni redio nyingine kabisa, yenye vali za 6146B na dijiti za kusomea masafa. Usiiagizie FT-101E vipuri kwa kuangalia michoro ya ZD, utaishia kulipia ushuru wa vitu visivyoingia.

Bendi zake ni mita 160, 80, 40, 20, 15 na 10. Mita 30, 17 na 12 hazimo, kwa sababu bendi hizo zilitolewa kwa maamatea kwenye mkutano wa mwaka 1979, redio ikiwa tayari sokoni. Kuna nafasi ya WWV/JJY (majina ya vituo vya kutangaza saa sahihi) ya kupokea tu karibu na megahezi 10. Wengi wanaiona haina kazi, kumbe ni ya kurekebishia kipimo cha masafa, nitaieleza mbele.

Kabla ya kuchomeka plagi

Transfoma ya redio hii ina ngazi kadhaa za umeme wa kuingia, kuanzia volti 100 za Japani mpaka 234. Nyingi zinazofika Afrika Mashariki zimetoka Japani au Marekani, maana yake zimefungwa kwa volti 100 au 117. Ukichomeka hiyo kwenye 240 ya Nairobi au 230 ya Dar es Salaam, utaunguza fyuzi ukiwa na bahati, na transfoma usipokuwa nayo. Usiamini karatasi iliyobandikwa nyuma. Fungua kifuniko cha chini uangalie waya za upande wa kuingia zimeungwa wapi, ulinganishe na mchoro.

Ngazi ya kuchagua huku kwetu ni 234, si 220, hata kama mtu atakwambia 220 inatosha. Hesabu yake ni nyepesi. Umeme wa usiku unaweza kupanda mpaka 250. Ukiwa kwenye ngazi ya 220, kila volti ya ndani inapanda kwa takriban asilimia 14, na nyuzi za joto za vali zinazotaka 6.3 zinapata zaidi ya 7. Kwenye 234 zinapata kama 6.7, ambazo zinavumilika. Vali haziungui siku hiyo hiyo kwa kosa hili, zinachakaa kimyakimya, na mwenye redio anakuja kulaumu muuzaji wa vali.

Redio iliyolala miaka isiwashwe moja kwa moja. Tengeneza kebo yenye soketi ya balbu iliyoungwa kwa mfululizo na waya wa moto, weka balbu ya kizamani ya waya, wati 100. Ya LED haifanyi kazi hii. Zima swichi ya HEATER kwanza, kwa sababu nyuzi za vali mbili za mwisho peke yake zinakula karibu wati 28 na zitakupotosha. Washa POWER. Balbu ikimulika kisha ikafifia, kapasita zimejaa na hakuna shoti kubwa. Ikibaki inawaka kwa nguvu, zima, tafuta kapasita kubwa au dayodi iliyokufa kabla ya kuendelea. Iache hivyo nusu saa huku ukigusa kapasita kubwa kwa mgongo wa kidole baada ya kuzima na kutoa chaji. Inayopata joto haifai.

Na hapa niseme wazi: ndani mna volti 600 za moja kwa moja. Hizo hazipigi shoti ya kukushtua, zinaua. Chomoa plagi, subiri, kisha toa chaji kwa rezista ya kilo-omu kadhaa iliyofungwa kwenye kijiti kikavu na waya wake umebanwa kwenye chesisi. Halafu pima kwa multimita. Kusubiri peke yake hakutoshi, kwa sababu rezista za kumwaga chaji nazo ni za zamani na huenda mojawapo imekatika.

Redio iliyokufa kumbe ni nzima

Kuna plagi ndogo ya mviringo nyuma, imeandikwa ACC. Ndani yake mna kiungo cha waya, na umeme wa nyuzi za vali za mwisho unapita humo, kwa sababu mtu aliyekuwa akitumia kifaa cha kupandisha masafa alihitaji kuzizima. Plagi hiyo ikipotea, redio inapokea vizuri, taa zinawaka, ila kurusha hakuna na vali ni baridi. Ni ya kwanza kuangalia ukiambiwa "iko sawa ila haitoi nguvu".

Ya pili ni kinyume chake: inarusha ila imekuwa kiziwi. Kwenye njia ya antena ya kupokea, upande wa nyuma, kuna balbu ndogo inayofanya kazi ya fyuzi. Jirani akirusha kwa nguvu karibu nawe, au radi ikapiga mbali kidogo, balbu hiyo inakatika na kuokoa koili za mbele. Pima kwa multimita: ikiwa nzima inasoma omu chache tu. Weka balbu ya aina ileile. Kuna wanaoziba kwa kipande cha waya, na redio inapokea kweli, mpaka siku kitakachoungua ni koili yenyewe, ambayo huipati dukani.

Ya tatu, ambayo ni nyingi kuliko zote, ni kadi. FT-101E imejengwa kwa kadi zinazochomekwa kwenye soketi kama kadi za kompyuta za zamani. Huo ulikuwa ufahari wake wa kumrahisishia fundi, na leo ndio udhaifu wake mkubwa. Meno ya kadi yanashika ukungu mweusi, na dalili zake zinachekesha: sauti inakuja ukigonga kifuniko, kurusha kunapungua redio ikipata joto, kipimo cha masafa kinaruka kilohezi moja bila sababu. Mafundi wengi wanakimbilia kubadilisha transista. Usibadilishe chochote kabla ya kufanya hivi: zima, toa chaji, chomoa kadi moja tu, sugua meno yake kwa kifutio laini cha penseli, pangusa kwa isopropili, puliza spirei ya kusafishia kontakti kidogo kwenye soketi, chomeka na kuchomoa mara nne au tano, kisha nenda kadi inayofuata. Moja moja, ili usichanganye soketi. Ukiwa Mombasa, Tanga, Zanzibar au Maskati, ambako hewa ina chumvi, kazi hii ni ya kila mwaka. Bara, kila miaka miwili au mitatu inatosha.

Rilei zina kifuniko cha plastiki kinachotoka. Kata kipande chembamba cha karatasi ya kawaida, kiloweshe spirei, kiweke kati ya kontakti, zibane kwa kidole taratibu, ukivute. Rudia mpaka kitoke bila alama nyeusi. Msasa ni marufuku, hata ule laini. Unaondoa tabaka la juu la kontakti na baada ya miezi michache tatizo linarudi likiwa limekomaa.

Swichi ya bendi inataka mkono mwepesi zaidi. Bati zake ni za nyenzo inayonyonya mafuta. Tia tone la spirei kwenye kontakti kwa sindano, zungusha swichi mara ishirini, acha ikauke siku nzima kabla ya kuwasha. Kopo la mafuta ya kulegeza bolti lisisogee karibu, yanaacha utando unaokusanya vumbi, na vumbi kwenye volti nyingi ni njia ya cheche.

Masafa yakiruka pale unapozungusha nobu kubwa, kosa mara nyingi si la transista za VFO, saketi inayozalisha masafa unayoyachagua kwa nobu hiyo. Ni visugua vya eathi kwenye ekseli ya kapasita ya kuzunguka. Tone moja la spirei na mizunguko michache vinatibu. Ikitulia, redio hii ikishapata joto haitakiwi kuhama zaidi ya hezi 100 kwa nusu saa. Hicho ndicho kipimo cha kiwandani, na zilizotunzwa bado zinakifikia.

Vali za mwisho

6JS6C haikutengenezwa kwa ajili ya redio. Ni vali ya televisheni ya rangi, ile ya kusukuma mwale kutoka upande mmoja wa kioo hadi mwingine. Ilikuwa inatengenezwa kwa wingi na bei yake ilikuwa ndogo, kwa hiyo waunda redio wa miaka ile waliipenda. Televisheni zilipohamia transista, utengenezaji ulikufa, na kilichobaki duniani ni akiba ya maghala. Ndiyo maana vali ambayo zamani ilitupwa ovyo sasa inanunuliwa kwa jozi na kupimwa kama dhahabu.

Sahani ya kila vali, kile chuma cha nje kinachopokea mkondo, imeruhusiwa kumeza wati 30 za joto. Mbili ni 60. Sasa fikiria umebonyeza kurusha, volti 600 na miliampea 300, jumla wati 180 zinaingia. Redio ikiwa imetuniwa, yaani hatua ya mwisho imelinganishwa na antena, zaidi ya nusu inatoka kwenye antena na kinachobaki vali zinakimeza kwa shida kidogo. Isipotuniwa, hakuna kinachotoka, wati zote 180 zinaishia kwenye sahani mbili zenye uwezo wa 60. Sahani zinageuka nyekundu ndani ya sekunde chache. Hapo ndipo inapotoka ile sheria ya sekunde 10: usibonyeze kutuni kwa zaidi ya sekunde 10, kisha pumzisha mara mbili ya muda huo. Kanuni hii wanaoifuata wanatumia jozi moja miaka na miaka, na wasioifuata wanaua jozi kwa mchana mmoja.

Kabla ya kutuni, pima bayasi, ile volti hasi ya gridi inayoamua mkondo wa vali zikiwa kimya. Acha redio ipate joto robo saa na HEATER ikiwa imewashwa. Weka USB au LSB (mitindo miwili ya sauti ya SSB), shusha MIC GAIN na CARRIER mpaka sifuri, mita iwe kwenye IC (mkondo wa vali za mwisho), unganisha mzigo bandia wa omu 50, yaani rezista kubwa inayomeza nguvu badala ya antena, bonyeza PTT, kitufe cha kurusha. Mita isome miliampea 60. Hizo ni za vali mbili, 30 kila moja, na kwa volti 600 ni wati 18 za joto kwa kila sahani hata kabla hujasema neno. Ikisoma zaidi, rekebisha potenshometa ya BIAS. Ikiwa inapanda yenyewe polepole ukiwa umebonyeza, achia mara moja, hilo si jambo la kurekebisha kwa potenshometa.

Bayasi inayopanda yenyewe ina wakosaji wawili. Wa kwanza ni vali iliyoingiwa na hewa kidogo au gridi yake imechafuka. Wa pili, na huyu ndiye muuaji halisi wa vali kwenye FT-101, ni kapasita inayounganisha sahani ya 12BY7A na gridi za 6JS6C. Upande mmoja una volti nyingi chanya, upande mwingine una bayasi hasi. Kapasita ikianza kuvuja, hata kidogo sana, chanya inapenya na kula ile hasi, vali zinafunguka na sahani zinawaka nyekundu bila wewe kufanya kosa lolote. Watu wanabadilisha vali, jozi mpya inawaka vilevile, wanasema wameuziwa mbovu. Mtu akininunulia FT-101E leo, kapasita hiyo naibadilisha siku ya kwanza bila kuipima: maika ya fedha, uwezo uleule ulioandikwa kwenye mchoro, volti 1,000. Ni kazi ya dakika chache na bei ya soda kadhaa. Ukiwa hapohapo, pima rezista za skrini (gridi ya pili ya vali) na za bayasi. Za kaboni za miaka ile hupanda thamani zikizeeka. Iliyopanda kwa zaidi ya asilimia 20, itoe.

Vali moja ikiwaka nyekundu na mwenzake kimya, jozi haijalingana. Badilishana soketi. Wekundu ukiifuata vali, vali ndiyo mbovu. Ukibaki kwenye soketi ileile, angalia rezista na mguso wa soketi hiyo.

Kutuni bila kuua kitu

Mzigo bandia uwe wa wati 200 angalau. Anza kwa kupokea: washa kalibreta, inayotoa mlio wa kupimia kila kilohezi 100, tafuta mlio wake, zungusha PRESELECT mpaka S-mita (mita ya nguvu ya kinachopokelewa) ipande juu kabisa. Weka PLATE kwenye alama ya bendi na LOADING kwenye nafasi ya kuanzia ya bendi hiyo. Mita kwenye IC, MODE kwenye TUNE, CARRIER kidogo tu. Bonyeza, sahihisha PRESELECT sindano ipande, kisha haraka zungusha PLATE mpaka sindano izame. Achia. Pumzika. Hamisha mita kwenye PO (nguvu ya kutoka), fungua CARRIER zaidi, bonyeza, sogeza LOADING kidogo, rudi kwenye PLATE, LOADING tena, mpaka PO ifike kilele. Achia. Ukishazoea, bendi moja haizidi mibonyezo mitatu. Andika namba za nobu kwenye karatasi kwa kila bendi na antena yako, ili siku nyingine uanzie pale pale.

Kwenye SSB usifuate sindano ya IC ukitaka ifike ilipofika kwenye TUNE. Sauti ni vilele vifupi na sindano ni nzito, haiwezi kuvifuata. Ikipiga karibu nusu ya ile ya TUNE unapoongea kwa kawaida, umefika. Anayeongeza MIC GAIN mpaka sindano ijae anatapakaa kilohezi tatu kila upande, na majirani wa bendi watamwambia tu.

Kunyutralaizi, na kwa nini chapa ya vali ni muhimu

Ndani ya kila vali kuna uwezo mdogo wa kapasita kati ya sahani na gridi. Kwenye masafa ya juu, hasa mita 10, nguvu inarudi kwa njia hiyo kutoka kwenye sahani hadi kwenye gridi, na hatua ya mwisho inaweza kuanza kuunguruma yenyewe. Kunyutralaizi ni kurudisha kiasi kilekile kwa mwelekeo wa kinyume ili vifutane. Kwenye redio hii kazi hiyo inafanywa na trima ya TC27, kapasita ndogo ya kurekebishia kwa bisibisi.

Namna ya kujua kama imekaa sawa: bendi ya mita 10 karibu na 28.5, mzigo bandia, CARRIER ya wastani. Zungusha PLATE polepole ukiangalia IC, kisha rudia ukiangalia PO. Mahali sindano ya IC inapozama zaidi na mahali PO inapofika kilele panatakiwa pawe pamoja, na IC ipande sawasawa ukielekea kushoto au kulia. Kilele kikiwa pembeni mwa shimo, geuza TC27 kwa sehemu ndogo sana ya mzunguko kisha upime tena. Tumia bisibisi ya plastiki au ya mti, kwa sababu ya chuma inabadilisha kipimo na inaweza kukuunganisha na volti ambazo huzitaki. Kizimba cha vali kiwe kimefungwa unapopima. Kikiwa wazi, unachopima si kile utakachotumia.

Sasa kuhusu chapa. Redio ilitoka kiwandani na 6JS6C za Japani, na wamiliki wa muda mrefu wanasisitiza NEC au Toshiba. Si ushabiki. Vali za Marekani zenye namba hiyohiyo zina umbo la ndani tofauti kidogo, zinafanya kazi vizuri kabisa kwenye televisheni, lakini kapasita ya ndani haifanani, na TC27 inaweza kufika mwisho wa mzunguko wake bila kupata mahali pa kutulia. Inawezekana kuongeza au kupunguza kapasita ya kudumu iliyo sambamba nayo, ila hiyo ni kazi ya mwenye uzoefu na kifaa cha kupimia. Kama huna, ongeza fedha kidogo ununue jozi ya Japani. Ukibadilisha jozi, hata ya chapa ileile, bayasi na TC27 zinapimwa upya. Hakuna kuruka.

Wapo waliohamia 6146B, ambayo bado inapatikana kwa urahisi zaidi. Inafanyika, lakini usidanganywe kwamba ni kuchomoa na kuchomeka. Soketi ya 6JS6C ina miguu 12 na ya 6146B ina minane, hivyo bati linatobolewa au linabadilishwa. Nyuzi za 6146B zinakula nusu ya ampea za 6JS6C, volti ya skrini inataka kupandishwa, bayasi ni nyingine na nyutralaizesheni inaanza upya. Nguvu ya kutoka inashuka kidogo. Kwa mtu anayerusha kila siku na hapati vali za Japani, ina maana. Kwa mwenye jozi mbili za NEC kabatini, ni kuharibu redio nzuri.

Mengine kwa ufupi

Mngurumo wa umeme kwenye spika, au anayekusikia akisema sauti yako ina mngurumo, ni kapasita za elektroliti. Badilisha zote za kuchujia, si moja iliyovimba tu. Chukua za nyuzi 105, volti zisipungue zilizoandikwa kwenye ile ya zamani, na angalia chanya na hasi mara mbili kabla ya kulehemu. Za kisasa ni ndogo, kwa hiyo zinaelea, zibane kwa gundi isiyopitisha umeme ili mtikisiko usivunje miguu.

Feni ya nyuma iwe inazunguka bila kukwaruza. Tone la mafuta ya cherehani kwenye beringi kila mwaka. Ikisimama, usirushe, hata kama "ni kwa muda mfupi tu".

Maikrofoni yake ni ya impidensi ya juu, karibu kilo-omu 50. Maikrofoni ya redio ya kisasa ya omu 600 itaingia ukibadilisha plagi, lakini sauti itakuwa hafifu na utaambiwa huna nguvu. Weka transfoma ndogo ya kulinganisha, au kikuza sauti cha transista moja. Prosesa ya sauti ya E iache imezimwa mpaka umsikie mtu mwingine akikuelezea sauti yako nayo ikiwa imewashwa. Wengi wanaizima na hawairudishi.

Kurekebisha kipimo cha masafa: weka bendi ya WWV/JJY, tafuta kituo cha saa kwenye megahezi 10 kamili. Afrika Mashariki usiku BPM ya Uchina huwa inasikika. Washa kalibreta, geuza trima yake mpaka mlio wake na wa kituo uzame kuwa sifuri. Baada ya hapo kila alama ya kilohezi 100 kwenye bendi nyingine ni ya kuaminika.

FT8, mtindo wa kuwasiliana kwa kompyuta, inawezekana. Sauti kutoka kwenye kompyuta inaingia kupitia tundu la PATCH nyuma au kwenye maikrofoni ikiwa imepunguzwa sana, na VOX, inayowasha kurusha yenyewe ikisikia sauti, inafanya kazi ya kubonyeza, kwa sababu redio hii haijui kompyuta ni nini. Tatizo ni vali. FT8 inarusha karibu sekunde 13 mfululizo katika kila zamu ya sekunde 15, nguvu ileile mwanzo hadi mwisho, na hiyo inavunja sheria ya sekunde 10 mara kwa mara. Shusha nguvu mpaka wati 30 za kutoka, ukatuni PLATE na LOADING upya kwa kiwango hicho. Washa redio saa moja kabla, la sivyo masafa yatatembea na watu hawatakusoma.

Umeme wa betri wa volti 12 upo kwenye E, lakini unataka karibu ampea 20 wakati wa kurusha na kibadilishi chake ni cha zamani kama redio yenyewe. Kwa sola ya kijijini chukua redio ya transista. Hii ya mezani ibaki mezani.

Ukienda kununua, nenda na multimita na mzigo bandia. Angalia vichwa vya skrubu: vilivyolika vinakwambia imefunguliwa mara nyingi na wasiojua. Tazama vali kwa juu: kioo kilichokuwa na rangi ya fedha kikigeuka cheupe kama maziwa, hewa imeingia na vali imekufa. Uliza kama bendi ya mita 11 iliongezwa au waya zilikatwa ili irushe nje ya bendi, jambo lililofanyiwa nyingi kati ya hizi na wapenzi wa CB, redio za raia za mita 11. Hakikisha plagi ya ACC ipo, kamba ya umeme ya asili ipo, na vifuniko vyote viwili vipo. Pima bayasi mbele ya muuzaji, robo saa nzima ya joto, ukiangalia sindano kama inatambaa. Akikataa kusubiri robo saa, mpe bei ya redio isiyo na vali.